Jazi Isiyo na Gitaa

Nilipohamia Dodoma mwaka 2018, pamoja na watumishi wengine wa umma walioifuata Serikali makao makuu, nilikuja na masanduku matatu, mawili ya nguo na moja la santuri, na ni hilo la tatu lililonikosesha usingizi ndani ya basi tangu Dar es Salaam. Kwa miaka karibu ishirini nilikuwa nimesikiliza jazi ya Marekani peke yangu, usiku, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha jambo. Upweke wa mji mgeni ndio ulionisukuma kutafuta watu wa kusikiliza pamoja nami, na nilianza kwa kukosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kutuma. Nilipakia nyimbo zaidi ya thelathini katika kundi la WhatsApp la majirani wa mtaa wetu wa Area C, nikaandika maelezo marefu juu ya kila moja, nikangoja. Aliyejibu alikuwa mmoja tu, naye aliuliza ni nani ambaye bado hajatoa mchango wa mlinzi. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Jumamosi moja niliwaalika watu sita sebuleni kwangu, nikawaandalia chai na karanga, kisha nikawawekea "Ascension" ya mpiga saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa Juni 1965, ambamo wanamuziki kumi na mmoja wanapuliza na kupiga kwa karibu dakika 40, mara nyingi wote kwa pamoja. Mimi naipenda kazi hiyo, lakini kumkaribisha mgeni kwa santuri hiyo ni sawa na kumlisha mtoto mchanga makande. Jirani mmoja alinyanyuka kwa adabu akaenda kukagua nyaya za spika, akidhani zimegusana.

Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa reli, ambaye ujanani alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo ya hapa mjini. Wengine walipokwisha kuaga, yeye alibaki mpaka santuri ikafika mwisho, akaweka kikombe chini, akaniuliza: "Mwanangu, hii ni jazi gani isiyo na gitaa?"

Swali lile lilikuwa la haki kabisa, na nililala nikilifikiria. Kwa Mtanzania wa umri wake, jazi ni Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Ni magitaa yanayojibizana, mdomo wa bata, yaani saksafoni, unaoingia wimbo ukishapamba moto, na sauti ya Mbaraka Mwinshehe kutoka redioni. Bendi hizo zilichukua jina la jazi, lakini muziki wenyewe ulikuwa dansi, uliokulia zaidi katika rumba ya Kuba na ya Kongo kuliko katika muziki wa New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazi. Wageni wangu walikuwa wameitikia mwaliko wa kitu wanachokijua, nami nikawapa kingine chenye jina lile lile, bila hata neno moja la kuwatayarisha.

Nilipowaalika tena, miezi miwili baadaye, nilijiwekea masharti: wimbo mmoja au miwili tu kwa jioni moja, jambo moja la kutegea sikio, na hakuna hotuba. Nilianza na "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974, kwa sababu piano yake inazunguka mzunguko mmoja kwa utulivu, kama gitaa la ridhimu lifanyavyo katika dansi, na juu yake saksafoni ya Basil Coetzee inazungumza bila haraka kwa dakika nyingi. Mzee alitikisa kichwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akasema jazi hii ameielewa, ila wapigaji wake hawana haraka ya kufika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya dansi inayochangamka.

Jioni iliyofuata niliweka "Kind of Blue" ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, na waliokuwamo ni mabingwa watupu: Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano (isipokuwa wimbo mmoja aliopiga Wynton Kelly), Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye ngoma. Niliwaomba wasikilize jambo moja tu katika wimbo wa kwanza, "So What", nalo ni nani anaanza na nani anajibu. Besi ndiyo inayoanzisha, jambo ambalo si la kawaida, na piano inaijibu kwa sauti mbili fupi, kisha mapulizo yanachukua jibu hilo. Nilikuwa sijamaliza kueleza, mama mmoja jirani, Mgogo wa Bahi anayeimbisha kwaya kanisani, alipoinua mkono kuninyamazisha. "Baba, acha tusikie," alisema. "Huyo mnene anaimbisha, wale wanaitikia. Kwetu hata watoto wanajua hivyo."

Mama huyo ndiye aliyenifundisha kusikiliza santuri zangu upya. Tulipofika "All Blues", ambamo Miles anaziba mdomo wa tarumbeta kwa kizibo ili sauti itoke nyembamba yenye mkwaruzo, alisema kwamba ilimba ya Kigogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo hutobolewa tundu, likafunikwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mtetemo wake, kwa kuwa sauti iliyo safi mno wazee waliiona kavu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya kizibo cha Miles, wala haikunijia kwamba jibu la kwa nini mtu aichafue sauti nzuri kwa makusudi lilikuwa karibu nami kiasi hiki, katika nchi aliyozaliwa Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote, hata hivyo, ni ile ambayo mzee alikuja na gitaa lake. Aliwaza kwamba ikiwa jazi hii haina gitaa, basi yeye atalitia. Nikampa siri ya "So What": wimbo una vipande vinne vya urefu sawa, viwili vya kwanza vinakaa mahali pamoja, cha tatu kinapanda nusu hatua, cha nne kinarudi pale pale. Kwa mtu aliyezoea kushikilia ridhimu usiku kucha, huo ni mteremko. Nikaweka santuri, akaanza, na papo hapo akakunja uso. Akakaza nyuzi, akajaribu tena. Akalegeza, akajaribu tena. Gitaa lilikuwa ama chini kidogo ama juu kidogo, wala halikutulia popote, na nikaona aibu ikianza kumpanda mbele ya watu, kwa maana alidhani sikio limezeeka.

Sikio lake halikuwa na kosa lolote, na nilijilaumu kwa kutokumbuka mapema. Siku ile ya Machi 1959 mashine iliyonasa utepe uliotumika kutengenezea santuri ilikuwa ikienda polepole kuliko kawaida, kwa hiyo utepe ulipochezwa kwa mwendo sahihi, nyimbo zote tatu za upande wa kwanza zilitoka kwa kasi kidogo na kupanda juu kwa karibu robo ya hatua. Watu waliununua muziki huo hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka kasoro iliporekebishwa katika toleo la 1992, na santuri yangu ni ya zamani. Nikachomeka simu, nikatafuta toleo lililorekebishwa, nikamwomba mzee arudishe nyuzi zake kama alivyokuja nazo. Safari hii gitaa liliingia kama ufunguo katika kufuli lake. Alipiga wimbo mzima, zaidi ya dakika tisa, akipanda na kushuka pale panapostahili, na Coltrane alipoanza kupuliza mzee alipunguza mkono, kama mpigaji wa ridhimu mwenye adabu anavyompisha mwenzake. Hakuna aliyepiga makofi hadi alipolilaza gitaa mapajani.

Tangu hapo watu wakaanza kuja wenyewe, wakiwamo vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma walioletwa na binti wa mama wa kwaya. Hao niliwakamata kwa Kiswahili. Niliwawekea "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kujitawala, yenye mashairi ya Langston Hughes. Mwanzoni kabisa anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akighani kwa lugha yetu katikati ya ngoma, na mwishoni kuna wimbo uitwao "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964, na mzee alisema hiyo peke yake ni sifa tosha.

Kisha nikawaeleza kuhusu kundi la Herbie Hancock la mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambalo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye kweli alikuwa amesomea udaktari, akawa Mganga. Vijana walicheka mno walipofika kwa Julian Priester wa tromboni, aliyeitwa Pepo Mtoto. Muziki wenyewe ni mgumu, pengine mgumu kama ule uliowafukuza wageni wangu wa kwanza, lakini hakuna aliyeondoka. Walitaka kumsikia Pepo Mtoto anapuliza nini.

Siku hizi mimi si mwenye zamu peke yangu. Kila anayekuja hupewa Jumamosi yake ya kuleta wimbo mmoja anaoupenda na kusema tutegee nini, na sharti pekee nililobakiza ni kwamba simu zikae kwenye sinia jikoni. Mzee ameleta Morogoro Jazz na kutuonyesha gitaa la pili lilipojificha, mahali ambapo sikuwahi kulisikia. Kijana mmoja ameleta mwimbaji Ella Fitzgerald akiwa jukwaani Berlin, Februari 1960, pale anaposahau maneno ya "Mack the Knife" mbele ya umati na kuendelea kwa kujitungia mengine, na tumerudia kipande hicho mara nne. Vumbi la Dodoma bado ni adui wa santuri zangu, hasa upepo wa Agosti, na umeme ukikatika katikati ya wimbo mama wa kwaya huumalizia kwa mdomo.

Jumamosi ijayo ni zamu yake. Amesema hataleta santuri wala simu, ataleta ilimba ya kaka yake kutoka Bahi, na mzee tayari amepita kwangu mara mbili kuuliza kama ni ilimba itakayofuata gitaa au ni gitaa litakalofuata ilimba. Nimemwambia aje mapema na nyuzi zake zikiwa zimelegezwa.