Kumbukumbu ya mradi: awamu ya Lushoto

Kwa anayeanza kufuatilia hapa, mradi wangu ni kuwatembelea kwa gari walimu niliohitimu nao mwaka 1986 katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Kilimanjaro, na kuandika kutoka vinywani mwao walipangiwa shule gani, walifikaje huko, na ni nini kiliwafanya wengi wao wastaafu na kujenga hukohuko badala ya kurudi walikozaliwa. Wa Moshi, Rombo na Babati wameshaandikwa. Awamu hii ni ya mzaliwa wa Machame aliyepelekwa Usambara akiwa kijana asiyejua neno la Kishambaa, akaoa huko, na sasa anaishi na mkewe katika shamba dogo nje kidogo ya mji wa Lushoto.

Safari hii nimeipa mwenyeji mmoja tu. Wenzangu wawili ninaosafiri nao, ambao nao ni walimu wastaafu, walipendekeza tupitie pia kwa watu wetu wa Same na Korogwe kwa kuwa barabara ni ileile, nami nikakataa kwa sababu niliyoiona Babati: mwalimu mstaafu hasimulii jambo la maana siku ya kufikiwa. Siku hiyo ni ya salamu, ya kuulizana watoto na wajukuu, na ya kuwataja waliotangulia mbele ya haki. Masimulizi yenyewe huja baada ya mgeni kulala, kuamka na kuonekana kwamba hana haraka ya kuondoka.

Jumatano, Moshi

Gari ni Toyota Corolla ya zamani yenye gia za mkono, na kwa njia ya milimani naiona bora kuliko magari mengi makubwa ya otomatiki, kwa kuwa dereva anaishikilia mwenyewe kwenye mteremko. Fundi amebadilisha brekipedi za mbele na fenibelti, amekagua mipira ya breki na kusafisha radieta. Tairi la akiba limejazwa upepo. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto vimo ndani, kwa sababu askari wa usalama barabarani huviulizia.

Zawadi zilitutaabisha kuliko gari. Ni kazi bure kumpelekea mboga mtu wa Lushoto, mahali ambapo malori hushuka na kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam. Tuliamua kununua mchele wa tambarare ya chini ya Moshi, ule unaolimwa katika skimu ya umwagiliaji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, pamoja na kahawa ya kusaga. Kwa mwenyeji mwenyewe tuliongeza mkungu wa ndizi mshare, kwa kuwa alilalamika kwenye simu kwamba tangu aondoke Machame hajala mtori uliomkaa sawa. Nyuma yake tulimsikia mkewe akicheka na kuuliza ni nani basi aliyemnenepesha.

Alhamisi, njiani

Tuliondoka alfajiri. Himo tuliziacha njia za Marangu na Holili, tukakunja kulia kuelekea Mwanga, na tangu hapo milima ikabaki mkono wa kushoto, kwanza ya Upare na baadaye ya Usambara. Hakuna mengi ya kuandika kuhusu barabara hii: lami ni nzuri, kuna mabasi yenye haraka, na dereva anayetaka amani huheshimu kibao cha 50 katika kila kijiji, hata kile kinachoonekana kuwa na nyumba chache na mbuzi watatu. Chai tulikunywa Same, tukapita Makanya na Hedaru bila kusimama.

Reli ndiyo iliyonivutia zaidi. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na kwa sehemu kubwa barabara ya leo inakwenda nayo sambamba. Mwenyeji wetu alipanda treni Moshi mwaka ule wa 1986 akiwa na sanduku la bati, godoro na barua ya kupangiwa kituo cha kazi. Wanafunzi wake wa baadaye hawakuijua safari hiyo, kwa sababu treni ya abiria ilisitishwa kwa miaka mingi na haikurudi Moshi hadi Desemba 2019. Nilimwomba aniambie kwa simu aliteremka wapi hasa, naye akajibu kwamba Mombo, karibu na mahali palipokuwa na mwembe. Tulitafuta mwembe huo. Miembe Mombo ni mingi.

Tulipumzisha injini, tukanywa maji, kisha tukaanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na katika umbali huo mfupi mtu hupanda zaidi ya mita 900. Njia hii imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Leo ina lami, lakini imebaki nyembamba, mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili, na wakati wa masika udongo huporomoka na kuifunga. Utaratibu wa wenyeji ni kupiga honi kabla ya kila kona kali na kumpisha mwenye mzigo. Tulipanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kushindana na mtu. Mombo tulikuwa tumefungua vioo vyote kwa joto. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji na akina mama wanaouza peasi na plamu kwa ndoo, mmoja wetu alikuwa ameshaomba sweta.

Ijumaa na Jumamosi, Lushoto

Jioni ya kufika ilikwenda kama nilivyotarajia. Tulimwamkia kwanza mama mkwe wa mwenyeji, bibi mwenye umri mkubwa aliyeketi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmewaacha wazima huko?"

"Wazima, mama, wanakusalimu."

"Na huyu Mchaga wangu mmemkuta anafanya kazi, au amekaa?"

Usiku huo sikuandika chochote, wala sikutoa simu kurekodi. Nimeacha kabisa kuiweka simu mezani, kwa sababu mwalimu akiona anarekodiwa hubadili sauti na kuanza kufundisha.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda naye kukata matete ya ng'ombe kwenye kingo za matuta, na huko ndiko habari ilikotokea. Alipofika kijijini alipangiwa darasa la tano na usimamizi wa shamba la shule, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea, sera ya tangu mwaka 1967, ilitaka kila shule ilime. Shamba lilikuwa kwenye mteremko mkali. Naye, akiwa amefundishwa vizuri habari za mmomonyoko, aliwapanga watoto mistari na kuanza kuchimba matuta ya kukinga maji. Wiki haikuisha kabla ya wazee kuja shuleni. Hawakufoka. Walimwuliza tu ni nani aliyemtuma.

Hakuelewa swali hilo hadi alipoelezwa. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliendesha huko Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya aina hiyohiyo katika mashamba yao, na anayekataa alipata adhabu. Watu wa Usambara waliuchukia mpango huo mpaka ukaachwa kabla ya uhuru. Wazee waliokuja shuleni walikuwa vijana wakati huo, na jembe la matuta walilikumbuka mikononi. Sasa wanamwona kijana mgeni, asiyejua lugha yao, akiwachimbisha watoto wao.

Mwenyeji wetu alisimamisha kazi. Alimwendea mzee aliyeonekana kuwa mkali kuliko wenzake, akamwomba amwonyeshe maji ya masika yanashukia wapi na wao wenyewe huyazuiaje. Mzee alimtembeza siku nzima. Alimwonyesha mahali pa kupanda miti, mahali pa kuacha majani, na mahali ambapo tuta linafaa na ambapo lingeangusha mlima mzima. Shamba la shule lilipangwa upya kwa maelezo hayo, na watoto wakachimba matuta machache bila mzazi yeyote kuja kuuliza.

Hapo mkewe, aliyekuwa ametuletea uji wa moto, alikatiza maneno.

"Mwambie shemeji mzee huyo alikuwa nani."

Mzee huyo alikuwa baba yake, mume wa yule bibi wa barazani. Shemeji aliongeza kwamba mwalimu aliendelea kuja kuuliza habari za maji hata kiangazi, wakati hakuna maji ya kuulizia, na kila mtu kijijini akajua anachokitafuta.

Kwa hiyo swali langu la kwa nini hakurudi Machame limepata jibu, ingawa yeye mwenyewe alitaka niandike pia kwamba Machame shamba la baba yake lilikuwa limekwisha kugawanywa kwa kaka zake. Nimeyaandika yote mawili. Habari za mwaka 2002, ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza, alizisimulia kwa ufupi: darasa la kwanza lilifurika hata akafundisha kwa zamu mbili, zamu ya mchana ikikaa nje. Nilitarajia azungumzie hayo zaidi, lakini aliyaona kuwa ya kawaida, kwa kuwa kila mwalimu wa wakati ule anayo.

Usiku wa Jumamosi niliwasomea nilichoandika. Shemeji alisahihisha mambo mawili kuhusu baba yake, na bibi akasahihisha moja la shemeji.

Jumapili, kurudi

Tulishuka kwa gia ya pili karibu njia nzima ili breki zisichemke, na hatukusikia harufu yoyote. Peasi tulizopewa zilijaza buti.

Yanayofuata

Awamu ijayo ni Kondoa, na barabara si kikwazo tena, kwa kuwa njia ya Babati hadi Dodoma ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018. Mwenyeji wa huko ameomba tusifike kabla alizeti haijavunwa. Nimemwuliza kama anaona tutamsumbua, naye akasema hapana, isipokuwa tukifika mapema tutapewa magunia ya kujaza.