Namna nilivyofupisha muda wa kutoa mafaili ya zamani kwenye tepu

Ofisi ninayofanyia kazi hapa Mbeya hupima mashamba na kupiga picha za anga kwa ndege zisizo na rubani, kuanzia bonde la Usangu hadi mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, na picha hizo hazina budi kutunzwa kwa miaka mingi, kwa kuwa mgogoro wa mpaka unaweza kuibuka wakati wowote. Mimi ndiye ninayesimamia seva. Hifadhi yetu ina ngazi tatu: kazi za msimu huu hukaa kwenye diski za SSD, za miaka ya karibuni kwenye diski za kawaida, na zilizobaki hushushwa na programu kwenye tepu za LTO-8, yaani kanda za sumaku za kuhifadhia data za kizazi cha nane, zenye ujazo wa terabaiti 12 kila moja, ndani ya maktaba ndogo yenye mkono wa roboti na draivu mbili, yaani mashine za kusomea na kuandikia tepu. Mtumiaji haoni ngazi hizo. Yeye huona folda na majina ya mafaili, hata pale ambapo kilichobaki kwenye diski ni kivuli tu cha faili na data yenyewe iko kwenye tepu.

Malalamiko yalianzia hapo. Mpimaji anabofya picha ya shamba la Ubaruku, kompyuta inaganda, anabofya tena, kisha anakuja mlangoni kwangu: "Kaka, mteja amekaa pale nje na kesho ana shauri Baraza la Ardhi. Hiyo seva yako vipi?" Wengi waliamini kwamba dawa ni kununua diski zaidi. Sikukubaliana nao, na hesabu iliniunga mkono. Draivu ya LTO-8 husoma takribani megabaiti 360 kwa sekunde bila data kubanwa, kwa hiyo picha ya gigabaiti 2 husomwa kwa sekunde zisizofika kumi. Muda unaoliwa ni ule wa roboti kuchukua tepu, draivu kuipokea, na tepu kukimbizwa hadi mahali faili lilipo, kazi ambayo peke yake huweza kuchukua karibu dakika nzima. Mtu akinakili folda yenye picha arobaini kwa njia ya kawaida, kompyuta huziomba moja moja kwa mpangilio wa alfabeti, na tepu hukimbizwa mbele na nyuma mara arobaini kwa ajili ya usomaji ambao kwa jumla haufiki dakika tano. Picha hizo zikiwa zimetawanyika kwenye tepu nne, roboti nayo huanza kubadilisha tepu kila mara, na hapo asubuhi nzima hupotea.

Inafaa kueleza jinsi tepu inavyoandikwa, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha njia. Tepu ya LTO-8 ina urefu wa mita 960 na njia nyembamba 6,656, na kichwa cha draivu huandika njia 32 kwa wakati mmoja kikienda hadi mwisho wa tepu, kisha kikirudi, hivyo hivyo hadi ijae. Data hujipanga kwa namna ya ng'ombe anayelima kwa plau, akifika mwisho wa shamba anageuka na kurudi. Ndiyo maana mafaili mawili yenye majina yanayofuatana yanaweza kukaa mbali kabisa kwenye tepu, ilhali mengine mawili yasiyohusiana yanasomeka katika safari moja.

Niliandika programu fupi inayopokea orodha ya mafaili, kuiuliza hifadhidata ya mfumo kila faili liko kwenye tepu gani na kwenye bloku (kipande cha data) namba ngapi, kisha kuyapanga maombi kwanza kwa tepu, halafu kwa namba ya bloku, ndipo yatumwe yote kwa pamoja. Mifumo mingi ya aina hii hukubali kupewa orodha na baadhi huipanga yenyewe. Tatizo ni kwamba mtumiaji anayebofya hana orodha. Kwa hiyo nilizuia ubofyaji kuamsha tepu na badala yake nikaweka fomu ndogo kwenye mtandao wa ndani, ambapo mtu huandika jina la kijiji, mwaka na namba ya shamba. Kila tepu sasa hupandishwa mara moja tu kwa ombi zima. Kazi iliyokuwa ikila asubuhi nzima huisha mteja akiwa bado anakunywa chai.

Kilichosaidia karibu sawa na hicho ni kuacha nakala ndogo ya kila picha kwenye diski, yenye ubora wa chini lakini unaotosha kuonyesha mifereji, majaruba na barabara. Nusu ya shida yetu ilikuwa watu kuita picha nzito ili tu wahakikishe kama ndiyo wanayoitaka. Sasa huangalia kwanza, na wengi huishia hapo.

Antivairasi nayo ilikuwa na mchango wake mbaya. Kila usiku ilikagua folda zote, ilipokuta kivuli ililiita faili zima kutoka kwenye tepu, na draivu zikashinda usiku zikihudumia ukaguzi usiomnufaisha yeyote. Niliielekeza iruke mafaili yenye alama ya kuwa nje ya diski, kwa kuwa yalikwisha kukaguliwa kabla ya kushushwa. Picha mbichi za ndege, ambazo kila moja ni megabaiti chache tu, sasa hufungwa katika faili moja la TAR kwa kila safari ya ndege kabla ya kwenda kwenye tepu, maana kutafuta maelfu ya vipande vidogo ni mateso kwa tepu.

Mvua za huku huanza Novemba, na wiki zinazotangulia ndizo ambazo watu hukumbuka mipaka. Kwa hiyo mwezi Oktoba mimi hupandisha mapema kwenye diski picha za vijiji vyenye mashauri yanayoendelea, usiku, draivu zikiwa hazina kazi. Umeme ukikatika katikati, programu huendelea kutoka pale ilipoishia kwenye orodha.

Nakala ya pili ya tepu zote iko Iringa. Nimeulizwa kwa nini tusiiweke kwenye hifadhi ya wingu, nami hujibu kwa hesabu: kupakua terabaiti 12 kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku kumi na moja hata laini isipotetereka, wakati tepu yenyewe husafiri kwa gari kutoka Iringa na kufika siku hiyo hiyo.

Kinachonisumbua kwa sasa ni tepu za zamani za LTO-6. Draivu ya LTO-8 husoma kizazi chake na cha LTO-7 pekee, hivyo nimeitunza draivu moja ya zamani kwa ajili ya tepu hizo, na kila wikiendi nahamisha data ya tepu kadhaa, nikianza na zile za Mbarali ambazo ndizo zinazoulizwa zaidi.