Siku moja maishani mwangu: blogu ya safari inavyonilipia kodi ya nyumba Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Boda ananishusha Dunga wakati boti za omena zinarudi. Akina mama wanunuzi wameingia majini hadi magotini, beseni kichwani, bei inapangwa kabla boti haijagusa nchi kavu. Mimi sikuja kununua. Nimekuja kumsumbua mzee mmoja anayepeleka wageni ziwani.

"Mzee wangu, bei bado ni ya boti nzima, au sasa ni ya kichwa?"

"Binti yangu, si uliniuliza haya haya juzi?"

"Niliuliza, lakini mafuta yamepanda."

Anacheka, ananijibu. Nauliza pia jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi, na kama zipo za watoto. Zipo mbili. Naziomba nizione, nazipiga picha, moja kamba yake imekatika. Naandika: moja.

Jua linapochomoza kila mtu anatoa simu, na ziwa likiwa limetulia hivi ni kweli linapendeza, maana ikifika mchana upepo huamka na mawimbi nayo. Picha za jua Ziwa Victoria zimejaa mtandaoni tayari. Mimi napiga ubao wa kupandia boti: upana wake, tope lililo chini yake, mahali pa kushika. Kuna mtu anayekuja na mama yake mwenye magoti mabovu, na picha hiyo ndiyo itakayomfanya aje au asije.

Kwenye mafunjo analia gonoleki, ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, anayeishi ndani ya mafunjo. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka mbali kumtafuta. Mzee ananiambia ndege huyo amehamia upande wa pili tangu magugu maji yasogee. Hilo naliandika kwa herufi kubwa.

Saa mbili asubuhi

Nyumbani, mtaa wa Tom Mboya. Chai, mandazi, kompyuta. Leo ni tarehe 22, na Google hulipa pesa za matangazo kati ya tarehe 21 na 26, kwa hiyo nafungua kwanza programu ya benki. Bado.

Niseme wazi jinsi matangazo yanavyolipa, kwa sababu vijana hunitumia ujumbe wakidhani ni kama kuvuna mahindi. Hulipwi mpaka ufikishe dola 100. Usipofikisha, salio linasubiri, na kwa anayeanza linaweza kusubiri miezi na miezi. Kisha thamani ya msomaji hutegemea alipo: mtangazaji hulipa zaidi kumfikia mtu wa Marekani au Ujerumani kuliko mtu wa Kondele hapa Kisumu, hata wakisoma ukurasa uleule. Ndiyo sababu makala zangu nyingi ni za Kiingereza na hii ya Kiswahili naiandika kwa mapenzi tu.

Kisha naingia kuangalia watu walitafuta nini hadi wakanifikia. Makala niliyoipenda kuliko zote, ya Rusinga, kaburi la Tom Mboya na machweo, haina watu. Inayoongoza ni ile kavu inayoeleza kwamba msitu wa Kakamega una milango miwili ya tabia tofauti. Buyangu, kaskazini, iko chini ya Shirika la Wanyamapori, na malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hakuna noti mlangoni. Isecheno, kusini, iko chini ya Huduma ya Misitu. Mgeni akilipia upande mmoja akafikia upande wa pili, siku yake imeharibika.

Watu hudhani blogu ya safari hulipa kwa sababu ya kusafiri. Hulipa kwa sababu mtu aliye Hamburg, kadi ya benki mkononi, ana swali moja dogo kabla hajalipia safari, na wewe ndiye uliyelijibu.

Na si swali lolote. Tangu 2024, Google ilipoanza kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, makala zangu za maelezo ya jumla zimekauka. Msomaji anapata jibu palepale, habofyi. Reli ilifika hapa 1901 na kituo kikaitwa Port Florence: hayo mashine inayajua kuliko mimi. Lakini haijui kwamba asubuhi hii Dunga kuna jaketi moja tu nzima ya mtoto. Naiongeza kwenye makala, nabadilisha tarehe, nabana picha ziwe nyepesi, napandisha.

Saa nne

Stima imepotea. Betri ina saa mbili, bando lipo. Naendelea.

Saa tano

Barua pepe. Ya kwanza inataka niweke kiungo cha kampuni ya kamari ndani ya makala ya Kakamega, "kwa kawaida tu, bila kusema ni tangazo." Hizi huja kila wiki. Kiungo cha kulipiwa lazima kiwekwe alama, Google wenyewe wanataka hivyo, na sioni mbega na kamari vinakutana wapi. Futa.

Ya pili ni ya hoteli moja ya kando ya ziwa. Wananipa usiku mbili bure, na kifungua kinywa, kwa makala moja, picha ishirini na video. Meneja ni mtu mwungwana, nampigia.

"Dada, wenzako wote wanakubali."

"Nashukuru sana, kaka, na hoteli yenu naipenda. Ila mwenye nyumba wangu hapokei kitanda."

Tunacheka wote wawili. Namtumia bei yangu: makala ni kiasi fulani, picha za kutumia kwenye kurasa zao ni nyongeza, na nikilala kwao nitaandika nilichokiona, hata kama maji ya moto hayakutoka. Anasema atauliza wakubwa. Huenda asirudi. Mimi pia nilikuwa na njaa ya vitanda vya bure zamani, na sikumbuki hata kimoja kilichozaa wasomaji.

Saa saba na nusu

Samaki ngege na ugali kwa mama wa jirani. Haraka.

Saa nane

Hii ndiyo kazi inayolipa vizuri kuliko zote, na haionekani kwenye blogu. Familia kutoka Ujerumani ilisoma makala, ikaomba niwapangie siku nne. Wanalipa kwa PayPal, natoa kwenda M-Pesa.

Wao walikuwa wamechora njia ya kuzunguka ghuba nzima kupitia Homa Bay. Nawapangulia. Shikeni barabara ya Bondo, mpande mawe ya Kit Mikayi asubuhi kabla hayajapata moto, mkunje Ndori hadi Luanda Kotieno, mvuke kwa feri hadi Mbita. Rusinga ni kuvuka daraja tu. Siku inayofuata ni hifadhi ya Ruma, makao ya korongo, wale paa wakubwa ambao hapa Kenya hamtawaona kwingine. Baba anapenda historia, kwa hiyo namwongezea Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, zilizoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mama ananiuliza choo. Mama siku zote huuliza choo, na kwa kila kituo nina jibu.

Nawawekea pia viungo vya kamisheni vya vyumba: wakilipia chumba kupitia kiungo changu, nami napata sehemu. Kamisheni hiyo haiji wakiweka nafasi, huja wakishalala. Wakighairi, sina kitu.

Saa kumi na moja jioni

Hesabu. Kampuni ya watalii ya Nairobi imelipa makala ya mwezi uliopita, imekata asilimia 5, kodi ya zuio iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali. Natunza cheti cha makato, maana ritani ya kodi ni kabla ya 30 Juni na sitaki kulipa mara mbili. Natuma ankara nyingine mbili. Naangalia benki tena. Imeingia! Imepungua kidogo, benki nayo imekula ada yake ya kupokea dola.

Mwezi huu kupanga safari kumeleta zaidi ya matangazo na kamisheni zikiwekwa pamoja. Kodi ya nyumba imetoka humo.

Saa tatu usiku

Mama wa Ujerumani anaandika: je, feri inabeba gari, au tuliache ng'ambo? Inabeba, namjibu, ila fikeni mapema, nafasi za magari ni chache. Kisha nafungua makala ya Rusinga, ile isiyosomwa, naiandika sentensi hiyo juu kabisa, mbele ya machweo yangu yote.