Nilivyotunga kichekesho cha mtu mmoja kuhusu kuwa baba

Nilitaka mchezo wa kama saa moja, niko peke yangu jukwaani, kuhusu mwanamume wa Nairobi aliyepata mtoto wa kwanza. Visa nilikuwa navyo tele. Tangu binti yetu azaliwe, nyumba ilijaa wageni wenye unga wa wimbi na ushauri. Usiku nilivirekodi kwa simu nikizunguka sebuleni, mtoto begani, nikingoja acheue. Nilichokosa ni uzi. Visa vikipangwa tu kimoja nyuma ya kingine, watu hucheka kidogo kisha huchoka, maana hakuna wanachongojea.

Uzi niliupata kliniki. Kijitabu cha mama na mtoto kina ratiba ya chanjo: kifua kikuu na polio mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua miezi 9. Mchezo mzima ulikuwa umelala humo. Foleni ni ileile, benchi ni lilelile, mizani ni ileile, lakini baba anayeketi pale kila mara ni mtu mwingine. Wiki ya 6 anafumba macho sindano ikiingia. Wiki ya 14 anamwonyesha baba mgeni jinsi ya kushika shingo ya mtoto. Hadhira ikishaishika ratiba, inaingoja surua pamoja naye.

Kati ya kliniki moja na nyingine nikaweka maisha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili. Sisi wa jukwaani hatuna mwajiri wa kuombwa, basi baba wa mchezo anaandika barua rasmi ya likizo na kumsomea mtoto, bosi pekee aliyenaye. Kuna pia safari ya matatu, ambapo makanga, dereva na abiria wote wanamwamuru amfunike mtoto kichwa, jua likiwaka. Mzazi yeyote wa mji huu anaijua matatu hiyo.

Wahusika wote nawaigiza mwenyewe bila kubadili nguo. Nilipofanya mazoezi niligundua kwamba macho hutenganisha watu kuliko sauti. Mama mkwe ni mfupi: baba akimsemesha anatazama chini, naye akijibu anainua kidevu. Hapo hata nikinong'ona, ukumbi unajua nani anazungumza.

Mtoto ni leso. Sikutaka mwanasesere, kwa sababu mwanasesere ana uso mmoja tu, na leso kila mtu huitilia uso wa mtoto anayemjua. Sharti lake ni moja: mkono usitoke chini ya shingo, hata ninapogeuka kuwa makanga. Rafiki aliyekuwa akinitazama mazoezini aliruka kitini akapiga kelele, “Shingo!” Nikajua leso imekuwa mtoto kweli.

Mke wangu alisoma mchezo kabla ya mtu mwingine yeyote. Sehemu ya chumba cha kujifungulia aliifuta yote. “Hicho changu,” akasema. Niliafiki kwa moyo wote. Uchungu wake si mali yangu ya kuchekeshea watu, na mchezo ulipata nguvu pale mlango ulipofungwa, baba akabaki koridoni na mfuko wa nguo.

Tuliuonyesha Ukumbi Mdogo, pale Kenya National Theatre, barabara ya Harry Thuku. Niliomba Jumapili alasiri badala ya usiku ili wenye watoto wachanga waweze kuja nao. Katikati ya foleni ya wiki ya 10, mtoto mmoja akaanza kulia. Nikiwa bado muuguzi, nikageuka nikauliza, “Huyo ni wiki ya ngapi?”

“Ya sita!” mama yake akajibu kutoka safu za nyuma.

“Basi ametangulia kwenye foleni. Mpisheni.”

Na watu wakampisha, akapita hadi mbele.