Siku tuliyompeleka Kijivu hospitali ya punda

Mtu ambaye hajakaa Lamu hawezi kujua punda ni nini kwetu. Mji wa kale hauna gari, vichochoro vyenyewe watu wawili wakipishana mmoja anajibana ukutani, kwa hivyo simiti, mchanga, mawe ya tumbawe, yani nyumba nzima imepita mgongoni mwa punda kabla haijasimama. Babu alikuwa mtu wa kubeba mchanga na Kijivu ndiye alowasomesha mamangu na wajomba zangu, hilo babu alikuwa akilisema mbele za watu.

Sasa Kijivu akazeeka, mguu wa nyuma umevimba, mgongoni ana donda la shogi, lile kapu la mizigo la punda, donda lenyewe halifungi. Jirani akasema mfungue tu ajitafutie, na kweli wengi walikuwa wakifanya hivyo, punda mzee anaachwa azurure majaani anakula makaratasi na mifuko ya plastiki, mimi mpaka leo jambo hilo linaniuma. Babu akakataa kabisa. Akanambia, "Mjukuu wangu, shika kamba twende."

Hospitali ya punda iko pale pwani ya mji, imefunguliwa 1987. Aloileta ni bibi wa Kiingereza, Elisabeth Svendsen, ambaye kwao Devon alishaanzisha makao ya punda tangu 1969, alivyokuja Lamu akaona punda wetu walivyo na minyoo na vidonda akataka watibiwe hapa hapa, tena bure. Hilo neno bure babu hakuliamini. Alifunga pesa fundo kwenye kikoi, na kila daktari akigusa mahali babu anaanza kufungua fundo, mpaka yule kijana akamshika mkono, "Mzee wangu, hapa hatutozi. Ila huyu kubeba ndo basi."

Wakasafisha donda, wakampa dawa ya minyoo, wakamkata kwato zilizokuwa zimepinda. Babu akauliza nitamlisha nini na yeye haingizi kitu? Wakamwambia muache, uani kuna wazee wenzake wanalishwa. Babu akakaa barazani muda mrefu sana anamtazama Kijivu anavyokula, mimi nishachoka kusimama, na yeye wala hana habari.

Tangu hapo akitoka kuswali Alasiri anapitia na maganda ya ndizi. Na yule jirani naye akaanza kuleta punda wake, wa kwanza alikuwa na jicho linatoa usaha, akapona.