Namna nilivyoandika maisha ya baba kabla ya kilio

Hapa Lubumbashi tuna desturi inayoniudhi. Maisha ya mzee tunayaandika akiwa ameshalazwa kwenye jeneza. Usiku wa kilio ndipo mtu anauliza: alianza kazi mwaka gani? Alibatizwa wapi? Kila mmoja na jibu lake, na asubuhi mpwa mwenye sauti kubwa anasoma karatasi ambayo nusu yake ni majina ya wajukuu. Kwa baba yangu nilikataa. Yeye na mama walifunga ndoa mwaka 1964, kwa hiyo 2024 ilikuwa misa ya shukrani ya miaka 60. Nikasema: maisha yake yatasomwa siku hiyo, yeye mwenyewe akiwa amekaa mbele, asikie na asahihishe.

Mashauri yakaanza kumiminika. Kaka yangu wa Kinshasa alinitumia orodha ndefu ya maswali, kila swali likidai mwaka na tarehe, na akasisitiza nisiruke hata moja. Nililisoma la kwanza, la pili, la tatu. Baba alinisikiliza kwa heshima, halafu akaniambia mimi binti yake: "Mama, andika tu: alitumika, alizaa, alisali." Akarudi kusikiliza redio. Shangazi naye alishauri nifuate faili lake la kazi. Nilikwenda kwenye ofisi moja, nikakaa kwenye benchi, nikaambiwa nirudi, nikarudi. Nauli na franka za "kutafutiwa" zingetosha mfuko mkubwa wa makala, yaani mkaa, na karatasi sikupata hata moja. Mtu akikushauri uanzie ofisini, mshukuru, halafu anzia nyumbani.

Kilichofanya kazi ni sanduku la mama. Lile la chuma, la chini ya kitanda, lenye vikwembe, yaani vitenge, ambavyo havai tena lakini hatoi kwa mtu. Mwanamke wa hapa hanunui kikwembe bila sababu: kuna cha mtoto kuzaliwa, cha kuondoa kilio, cha sikukuu ya parokia. Na vile vya kanisa vina faida moja kubwa, kwamba mwaka umechapwa palepale kwenye kitambaa. Nilimwomba mama avitandaze vyote kitandani, nikamwita baba kama vile namwita kula. Sikuuliza swali lolote. Nilishika kimoja tu na kusema, "Hiki ni kizuri."

Kilikuwa cha Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Lubumbashi, katika safari ileile aliyomtangaza Anuarite, mtawa wa Kongo, kuwa mwenyeheri kule Kinshasa. Baba akakichukua mikononi mwangu. Akaeleza jinsi alivyowaongoza kwa miguu wakatekumeni wake, wale aliowaandaa kwa ubatizo, tangu alfajiri, nani alichoka njiani, nani alipoteza kiatu, wimbo gani waliimba. Baba alikuwa katekista miaka yote ile aliyofanya kazi kwenye tanuri za kuyeyushia shaba, chini ya lile bomba refu la moshi ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Zamu ikiisha anaoga, anapanda baiskeli, anakwenda kufundisha. Sisi watoto tulidhani kila baba anaishi hivyo.

Jambo la pili niligundua siku hiyohiyo: mzee hapendi kuulizwa, lakini hawezi kuvumilia kosa. Nikasema makusudi, "Si uliingia kazi enzi za Gécamines?" Akageuka upesi. "Hapana! Union Minière!" Aliingia mwaka mmoja kabla ya uhuru, kampuni ya shaba ikiwa bado ya Wabelgiji na haijaitwa Gécamines, yeye kijana asiye na ndevu, na serikali ilipoitaifisha kampuni tarehe 1 Januari 1967 alikuwa ameshazoea kazi. Akanitajia posho ya enzi hizo, unga, maharagwe, samaki, mafuta ya mawese, na msemo wa wafanyakazi wenzake: "Union Minière njo baba, njo mama." Tangu hapo kila nilipotaka tarehe niliweka kosa dogo. Nilisema walioana kabla ya vita ya ONU, majeshi ya Umoja wa Mataifa. Akanirekebisha: vita ilipiganwa mjini mwaka 1961, Katanga, mkoa wetu uliokuwa umejitenga, ikarudi Kongo Januari 1963, na posa aliipeleka barabara zilipotulia.

Ila msimkalishe mzee peke yake. Mama ndiye aliyetoa habari ambayo sisi watoto hatukuwa nayo. Baba alisema hakukosa misa ya Noeli hata mara moja. Mama, akikunja kitambaa, bila kuinua sauti: "Hapana, baba ya batoto. Ile Noeli ya 74 ulikuwa ku kazi, mi njo nilipeleka batoto ku misa." Mwaka ule Mobutu alikuwa ameiondoa Noeli katika sikukuu za taifa, ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Baba akakubali, halafu akaeleza lililotokea kwenye zamu: wenzake wachache walisimama pamoja wakati wa mapumziko, akawasomea Injili ya Luka kwa kichwa, maana kitabu alikiacha nyumbani. Nilikuwa na umri wa kukumbuka misa ile, na sikuwahi kujua baba alikuwa wapi. Hapo kalamu ilinishinda kwa muda.

Kuna kikwembe kimoja mama alikirudisha sandukuni bila neno. Nakijua ni cha nani, sikugusa. Usilazimishe kila kitu.

Kaka zangu walitaka niruke mwaka 2003, baba alipoacha kazi pamoja na wengine zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Walisema unakumbusha njaa, si habari ya sherehe. Nilimwachia baba aamue. Akasema iandikwe, na iandikwe pia kwamba Jumapili iliyofuata alifundisha kama kawaida.

Padri alitupa dakika chache tu, kwa hiyo kanisani nilisoma ukurasa mmoja, na maandishi marefu nikayasoma nyumbani, mtaa wa Katuba, baada ya bukari, ugali wetu. Rafiki yake wa tanurini alinikatiza mara kadhaa kurekebisha majina ya makapita, wasimamizi wao wa kazi, na nilimpa kalamu aandike mwenyewe pembeni. Nakala nilizotoa kwa fotokopi ziliisha usiku uleule. Baba amebaki na ya kwanza, ile yenye marekebisho, na sasa ananidai ukurasa mwingine wa majina ya wote aliowaandaa kwa ubatizo. Tumefika herufi ya M.