Risiti ya maziwa iliniaibisha mtoni

Juzi binamu yangu aliniomba nimsaidie kubeba vitu. Anasoma digrii ya pili ya kemia na utafiti wake ni wa Mto Nairobi, mimi nikadhani ni kuchota maji na chupa ya soda alafu turudi nyumbani. Wapi! Chupa zake ni za glasi ya kahawia, zimesuguliwa na kusuuzwa na kemikali huko maabara, na plastiki hataki kuiona karibu juu moja ya vitu anavyotafuta ni bisfenoli A, kemikali ya kutengeneza plastiki fulani ambayo mwilini inajifanya homoni, na hiyo inaweza kutoka kwa plastiki yenyewe.

Tulishuka karibu na Gikomba. Jamaa wa mitumba akatuangalia weee, mwishowe akauliza, "Mmekuja kupima pa kubomoa?" Binamu akamwambia hapana boss, tunapima homoni. Jamaa akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini si mchezo. Homoni za wanawake zinatoka na mkojo, pamoja na ile ya tembe za kupanga uzazi, zinaenda na maji taka, na samaki akiogelea humo mwili wake unachanganyikiwa. Uingereza miaka ya 1990 walipata samaki dume wenye mayai ndani ya korodani, tena kwa mito inayopokea maji taka yaliyosafishwa, sasa fikiria huku kwetu mengine yanaingia mtoni vile yalivyo. Kanada nao waliweka homoni ya tembe kwa ziwa zima, 2001 hadi 2003, nanogramu 5 au 6 tu kwa lita, na samaki fulani wadogo karibu waishe kabisa. Nanogramu moja kwa lita ni kama gramu moja umwage kwa malori laki moja ya maji, yale ya lita 10,000. Ndio maana huwezi kuiona wala kuinusa, na ndio maana kuipima ni kazi ya roho ngumu.

Kulikuwa na chupa moja ina maji safi ya maabara. Nikauliza ni ya kunywa? Kumbe unaifungua pale mtoni, unaifunga, alafu inapimwa kama zile zingine, ikipatikana na kitu basi uchafu umetoka kwenu nyinyi wenyewe. Akanipa niifungue, glavu nilikuwa nimetoa nijibu simu.

Jana akanipigia, salamu hakuna. "Ile chupa ya maji safi imepatikana na bisfenoli. Siku ile ulishika nini?" Manze nikafikiria, losheni sikupaka, nilikuwa nimekatazwa. Alafu nikakumbuka nilipitia supamaketi asubuhi nikanunua maziwa, risiti ilikuwa kwa mfuko na nilikuwa naichezea-chezea. Zile karatasi laini za risiti nyingi zina bisfenoli. Hana uhakika ni mimi, lakini namba zote za bisfenoli za siku hiyo ametupa. Za homoni zimebaki.

Jumamosi tunarudia. Nimeambiwa nije na nguo haina mfuko.